Meza ya Wakuu Wawili

New York, 9 Aprili 1984

Ndugu yangu Emanuel,

Daktari ameniambia kwamba umefika kisiwani salama, na kwamba kwa kuwa zoloto, kisanduku cha sauti kooni, limeondolewa, simu haitakuwa na kazi kwako tena. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza kuwa kiti kimoja kimehamishwa sebuleni. Basi nitakuandikia. Ni jambo geni kwangu. Kwa miaka ishirini na tisa, tangu tulipoteuliwa kuwa wakuu wa benki ya Brenneke na Tallis, tumekaa meza moja, wewe upande wa dirisha na mimi upande wa mlango, na jambo lisiloweza kumalizwa kwa kutikisa kichwa hatukuwa nalo.

Upande wako wa meza uko kama ulivyouacha. Wageni huzungumza nami huku wakikitazama kiti chako. Jana yule mzee wa matairi kutoka Akron, aliyetaka tumtafutie mtaji wa kiwanda kipya, aliniuliza kwa sauti kubwa katikati ya chakula, "Na Brenneke anasemaje?"

"Anasema nilivyosema."

"Lakini si nasikia hawezi kusema tena?"

"Hata alipoweza, alisema nilivyosema."

Akacheka mpaka akapaliwa na supu. Mimi sikucheka, lakini kazi tumeipata.

Kuna jambo la Dwight Kessel. Unajua jinsi wauzaji wake wa hati fungani walivyoijaza ghorofa ya chini, wanavyopiga kelele na kula wakiwa wamesimama. Sasa kampuni moja ya bima ya Ohio inataka kuinunua nyumba yetu yote, jina, wateja na ubia, na kuifanya idara yake. Wabia vijana wanataka tuuze. Wanasema mtaji wetu ni mdogo kwa nyakati hizi, na kwamba benki ya uwekezaji inayoongozwa na wazee wawili kwenye meza moja ni duka la viatu. Kessel, kiongozi wao, alilisema hilo la viatu mbele yangu, kisha akaniomba samahani, kisha akaniomba nimsogezee chumvi. Bila neno la wakuu wawili hakuna kura, na hilo analijua. Anakuja huko kukuona. Msikilize.

Wako,
Orrin Haskell


Deer Isle, Maine, 23 Aprili 1984

Ndugu Orrin,

Barua yako imefika. Hapa kuna ukungu tangu asubuhi na sitarajii utaondoka.

Ninatunzwa na Bi Thurlow, mjane wa mchonga mawe, mwenyeji wa hapa. Anaamini kwamba aliyepoteza sauti amepoteza na masikio, kwa hiyo hunizungumzia nikiwa mbele yake. "Leo amekula," humwambia mleta maziwa, "lakini ana uso wa benki iliyofungwa." Nina ubao mdogo na chaki. Kwa kuwa ninaandika polepole, watu hunimalizia sentensi zangu. Mara nyingi hukosea, nami huwaacha.

Kessel alikuja. Alivaa viatu vyembamba vya mjini, na njia zetu sasa ni matope matupu. Bi Thurlow alimpokea mlangoni kwa kumwuliza, "Mwanangu, umekuja kucheza dansi au kuzika mtu?" Akamvisha viatu vya marehemu mumewe. Alizungumza nami saa nzima akiwa ndani ya viatu vya marehemu, na nadhani ilimpunguza kidogo.

Jambo lake nimelimaliza naye. Hatuna haja ya kulirudia, mimi na wewe.

Unauliza kuhusu maumivu. Hukuuliza, lakini daktari atakuwa amekuuliza kama umeniuliza. Maumivu sina. Wala kinyume cha maumivu sina.

Wako,
Emanuel Brenneke


Deer Isle, 29 Aprili 1984

Binti yangu Philippa,

Usiendeshe gari kuja Jumapili ijayo. Barabara ni mbaya na una mitihani ya kusahihisha. Niko vizuri.

Kwa kuwa utasikia kwa watu, afadhali usikie kwangu. Nyumba itauzwa. Jina la babu wa baba yangu litabaki mlangoni kwa muda ambao watu wa Ohio wataona linafaa, kisha litaondolewa. Chumba cha wakuu kitavunjwa. Kila mkubwa atakuwa na ofisi yake na mlango wake.

Orrin ameamua. Kessel alikaa mbele yangu akasema, "Bwana Orrin hana neno." Kisha nikaandika kwenye ubao maneno ambayo nimeyaandika au kuyasema maisha yangu yote: Akisema Orrin, nimesema. Akanishukuru, akarudisha viatu, akaondoka.

Sikumwuliza Orrin kwa nini, wala sitamwuliza. Wewe hukulelewa ndani ya nyumba ile, kwa hiyo utaona ni ajabu. Lakini amekaa peke yake kwenye meza ya watu wawili majira yote ya baridi, akinijibia, akinilia supu ya wageni. Mtu akichoka ana haki ya kuchoka. Mimi ndiye niliyemchosha kwa kuumwa.

Kama ningeulizwa, ningesema la. Ninakuandikia wewe hilo kwa sababu wewe si mbia. Nimekaa leo dirishani nikingoja kuhisi kitu. Nilihisi njaa kidogo saa sita.

Babako


Boston, 8 Mei 1984

Ami Orrin,

Shikamoo. Hujaniona tangu hospitali, na siku ile sote tulikuwa tunanong'ona kana kwamba Baba ndiye aliyelala na sisi ndio wagonjwa. Natumaini unakula. Najua huli. Bi Ottoline, katibu wako, aliniambia unaagiza nyama ya kuchemsha na kuitazama.

Nimempigia simu mara mbili ili unipokee. Mara zote mbili amenijibu kwa sauti yake ile ya kanisani: "Bwana Haskell hazungumzi mambo ya nyumba kwenye simu, mpenzi." Nikamwambia mimi si nyumba, ni mtoto wa mwenye nyumba. Akasema, "Hasa hao." Basi ninaandika, kama wenzangu wa karne iliyopita.

Baba ameniambia kwamba mnauza. Sikuandikii kukulaumu, Ami. Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha baiskeli huku umevaa suti, na nilipokuangukia hukusema neno, ulijipangusa tu. Nataka kujua jambo moja. Umechoka? Kama umechoka, niambie hivyo, nami nitakuwa wa kwanza kusema upumzike. Lakini Baba anakaa dirishani, eti anahesabu miti. Nami ninafundisha hesabu, kwa hiyo najua kutofautisha mtu anayehesabu na mtu ambaye anatazama tu.

Mwanao,
Philippa


New York, 16 Mei 1984

Binti Philippa,

Barua yako imenifikia. Nitakujibu kwa mpangilio.

Sijachoka. Sijui nani amekuambia hivyo. Ninafika ofisini saa mbili kasorobo kama zamani, na kama nyama inarudi jikoni nzima ni kwa sababu mpishi ni mpya.

Kuhusu kuuza, umekosea mahali pa kupeleka swali lako. Kessel aliponijia kwa mara ya kwanza na jambo la Ohio, nilimpa jibu ninalompa kila mtu: Akisema Brenneke, sina neno. Alikwenda Maine. Aliporudi nilimwuliza swali moja tu, "Brenneke amesema?" Akajibu, "Amesema." Kisha baba yako mwenyewe akaniandikia kwamba jambo hilo amelimaliza na kwamba tusilirudie. Sikuhitaji zaidi. Ni nyumba ya babu zake. Mtu aliyelala chini ya kisu, akaamka bila sauti, ana haki ya kutaka kupanga mambo yake na ya bintiye kabla ya safari. Mimi nilikuja pale kama mtoto wa mchinjaji wa Albany, nikapewa kiti. Si mimi wa kumwambia asiuze.

Huenda hujawahi kuisikia habari hii vizuri, kwa sababu baba yako huisimulia vibaya; hucheka kabla ya mwisho. Kila mbia mpya husimuliwa usiku anaopokewa, sote tukiwa tumesimama.

Aron Brenneke alikuwa muuza ngozi kutoka Fürth, Ujerumani. Silas Tallis alikuwa karani wa forodha. Walinunua hati za ahadi ya kulipa deni za wenye viwanda vya viatu, wakaziuza kwa mabenki. Mwaka 1873, mabenki yalipofunga milango, Aron alikuwa melini akielekea Hamburg. Mwenye kiwanda mmoja wa mji wa Lynn alikuja dukani akilia. Silas, akiwa peke yake, akamwambia, "Nyumba hii itakubeba." Alichokuwa anakiahidi kilikuwa karibu kila kitu walichokuwa nacho. Aron aliporudi, alisikia habari bandarini kabla hajashusha sanduku. Akamwuliza Silas, "Umesema?" Silas akajibu, "Nimesema." Aron akasema, "Basi tumesema." Akapanda gari la farasi akaenda kwake. Hakumwuliza kwa nini, siku ile wala siku ya kufa kwake.

Mtu wa Lynn alikaa muda mrefu bila kulipa. Lakini mji mzima ulijua kwamba katika nyumba ile huwezi kumkwepa mmoja kwa kumwendea mwenzake. Benki ilianzia hapo. Kabla ya hapo lilikuwa duka la ngozi. Tangu siku hizo nyumba imekuwa na wakuu wawili, meza moja, na kanuni moja: mmoja akisema, wamesema wawili, na hakuna kuulizana.

Kwa hiyo usiniulize mimi. Na kama unampenda baba yako, usimwulize naye. Tunatia saini Ijumaa, tarehe ishirini na tano.

Unaniuliza kama ninakula. Ninakula.

Ami yako,
Orrin Haskell


Boston, Jumatano, 23 Mei 1984

Ami Orrin,

Hii nimeipeleka mwenyewe kwa posta ya haraka, na nimemwambia karani kwamba isipofika kesho nitakuja kukaa juu ya kaunta yake. Isome umesimama, kama mnavyosimuliana habari za wazee wenu.

Wewe ulimwambia Kessel: Akisema Brenneke, sina neno. Kessel akamwambia Baba: Bwana Orrin hana neno.

Baba akamwandikia Kessel: Akisema Orrin, nimesema. Kessel akakuambia: Amesema.

Unaona, Ami? Alikata sentensi yako katikati akampelekea Baba nusu. Kisha akakata ya Baba akakuletea nusu. Labda kwa hila, labda kwa haraka tu. Kwake yeye maneno ya mbele ya sentensi ni kama viatu vya wageni mlangoni, unaviruka. Lakini HAKUNA ALIYESEMA. Baba ameniandikia kwa mkono wake kwamba kama angeulizwa, angesema la. Anadhani wewe umechoka. Wewe unadhani yeye anajiandaa kufa. Hajiandai kufa! Jana amemfukuza mchungaji kwa ufagio.

Mna siku moja. Mwandikie Baba mstari mmoja, au niruhusu nimwambie mimi. Au simama tu Ijumaa mbele ya hao watu wa Ohio useme, "La." Neno fupi kuliko yote mliyonayo. Darasani kwangu watoto wa miaka kumi na mitatu hulisema siku nzima bila kuumia.

Philippa


New York, 26 Mei 1984

Binti Philippa,

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kama ulivyoagiza. Jana nilitia saini.

Una haki ya kuelezwa.

Wabia walikuwa wamekwisha kupiga kura. Hawakupigia kura hesabu za Kessel. Nusu yao hawazielewi. Walipiga kura kwa sababu waliambiwa kwamba wakuu wawili wamesema. Mmoja, Lindqvist, ambaye mwaka mzima alikuwa anapinga, alisimama akasema, "Kama wazee wamesema, mimi ni nani?" Akakaa, akanyanyua mkono. Baada ya hapo, kama ningesimama na kutangaza kwamba neno la Emanuel Brenneke halikuwa neno, kwamba lilikuwa nusu ya neno, basi mtu yeyote ambaye nimewahi kumwambia "Brenneke amesema" angekuwa na haki ya kurudi nyuma na kuniuliza lilikuwa nusu au lilikuwa zima. Mtu wa Akron. Mtu yeyote. Neno lilitoka kwa jina lake. Lilitokaje, si juu yangu kuuliza. Kanuni haina mlango wa nyuma, hata kwa siku ambayo mtu anauhitaji.

Nilikaa na barua yako mpaka ofisi zikafungwa. Nilitafuta hasira, sikuipata. Nikafikiri nitaipata huzuni, nayo haikuja. Ilikuwa kama kusimama baridini mpaka vidole vikawa vya mtu mwingine.

Siku ya saini walileta keki. Nilipochelewa kidogo na kalamu, Kessel akanicheka mbele ya wageni, "Mzee, ni kalamu hiyo, si nyoka." Wote wakacheka. Nikamwambia, "Nyoka ningemjua pa kumshika." Wakacheka zaidi. Kisha nikaandika jina langu, na kwa idhini aliyoniachia, nikaandika la baba yako.

Ninakuomba usimwambie. Akijua kwamba sikutaka, atafikiri alinilazimisha. Mwache afikiri kwamba nilichoka. Si neno baya.

Ami yako,
Orrin Haskell


Boston, 4 Juni 1984

Kwa Bwana Haskell,

Sijui kama nitaendelea kukuita Ami. Nitaona.

Mtoto akija ubaoni darasani kwangu akajumlisha sifuri na sifuri akapata moja, namrudisha kwenye kiti chake. Ninyi mmefanya hivyo kwa nyumba nzima, mkasimama, mkaita heshima.

Sikukutii. Nilikwenda kisiwani Jumamosi nikamwambia Baba yote, alichosema huyu na alichosema yule, na jinsi Kessel alivyokata katikati. Bi Thurlow alikuwa akimenya viazi na hakujisumbua hata kujifanya hasikii.

Baba aliandika kwenye ubao, "Orrin anajua?"

Nikasema, "Anajua tangu Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Kabla ya saini?"

"Kabla."

Alifuta ubao kwa mkono wa sweta. Nilifikiri sasa atarusha kitu, na ningefurahi sana kama angerusha kitu. Akaandika, "Vema." Kisha akaugeuza ubao, akauweka kifudifudi juu ya goti.

Bi Thurlow akatupa kisu ndani ya karai. "Wanaume wawili wazima!" akasema. "Mimi na marehemu tuliulizana hata kama mvua inanyesha, hali sote tulikuwa chini ya paa moja!" Akaenda nje kupiga mkeka ambao ulikuwa safi.

Kwa hiyo sasa hali ni hii. Yeye anajua kwamba wewe hukutaka. Anajua kwamba ulijua kwamba naye hakutaka. Nanyi mtaendelea kuandikiana habari za ukungu. Mimi nimemaliza kubeba maneno yenu.

Philippa Brenneke


New York, 2 Julai 1984

Ndugu Emanuel,

Chumba kimevunjwa. Nimepewa ofisi ghorofa ya thelathini, na cheo cha mwenyekiti wa heshima, ambacho Bi Ottoline anasema ni kama kupewa mwavuli ndani ya nyumba. Nina mlango. Asubuhi ya kwanza niliufunga, nikakaa, nikaona kwamba nimekaa upande mmoja wa meza nikiuelekea ukuta.

Joto ni kali.

Wako,
Orrin


Deer Isle, 11 Julai 1984

Ndugu Orrin,

Hapa si kali. Ninatembea hadi posta na kurudi.

Emanuel


New York, 12 Novemba 1984

Emanuel,

Hujaniandikia tangu Julai, nami sijakuandikia. Ninaandika sasa kwa sababu ya jambo dogo lililotokea leo, na nisipoliandika leo najua sitaliandika.

Watu wa Ohio wanachapisha kitabu cha picha chenye historia ya nyumba, kwa ajili ya wateja. Aron yumo, na meli, na mtu wa Lynn, ila wamempa mtu wa Lynn mke na watoto watano ili alie vizuri zaidi. Kiongozi wa kazi hiyo ni binti mchangamfu ambaye ananiita "Bwana Tallis". Nilimsahihisha mara moja, ikatosha. Meza yetu waliihifadhi. Wameiweka chini, kwenye ukumbi wa mapokezi, imezungushiwa kamba.

Leo nilikuwa ninapita kwenda kula nikakuta kamba imefunguliwa. Wamewaketisha wanaume wawili wa kukodi, wenye mvi nzuri kuliko zetu, mmoja upande wako na mmoja upande wangu. Taa zimewashwa. Walikuwa wamekaa kimya, mikono mezani, wakitazamana kwa uso wa heshima. Kwa kweli walikuwa wanafanya vizuri sana. Lakini mpiga picha hakuridhika.

"Jamani, mnafanana na watu waliofiwa," akawaambia. "Ninyi ni marafiki! Mmejenga benki! Ongeeni!"

"Tuongee nini?" akauliza yule wa upande wako.

"Chochote. Ulizaneni kitu."

Yule aliyekaa mahali pangu alifikiri kidogo. Akainama mbele, akamwuliza mwenzake, "Hivi wewe uliipenda kazi hii?"

"Ipi, hii ya picha?"

"Hapana. Maisha yote."

Yule wako akaanza kucheka, kisha akaacha, akamjibu kwa kirefu. Alikuwa mhasibu zamani, kisha mkewe akafariki, kisha kitu kuhusu boti. Mwenzake akawa anauliza, anauliza. Mpiga picha alifurahi mno. Mimi nilisimama pale na kofia mkononi mpaka binti yule akaja kuniuliza kama ninamtafuta mtu.

Emanuel, nimelipima jambo hili kwa uangalifu, na naamini sivunji lolote. Kanuni iliwekwa kwa wakuu wa nyumba. Sisi si wakuu tena. Ubia umekwisha kisheria tangu tarehe ishirini na tano Mei. Hakuna mteja atakayeumia wala mbia atakayechanganyikiwa. Kwa hiyo nakuuliza, kama mtu kwa mtu, na hulazimiki kunijibu:

Ulitaka tuuze?

Orrin


Deer Isle, 19 Novemba 1984

Orrin,

Barua yako ililala mezani siku mbili kabla sijashika kalamu. Bi Thurlow ameisoma kwa kuipita mara nyingi mno akipangusa vumbi, na leo asubuhi alinisogezea kalamu pamoja na uji.

Nilijua unajua. Wewe ulijua pia kwamba ninajua, kwa sababu unamjua binti yangu. Nilikuwa nimepanga kutoliandika hili kamwe, na nilidhani hiyo ndiyo adabu. Sikukasirika ulipotia saini. Ningekuwa mimi kwenye kile chumba na wewe ndiye huku, ningetia saini vilevile, na kwa mkono uleule usio na damu. Tulifundishwa vizuri.

Umechelewa kuuliza. Umechelewa miezi sita, au miaka ishirini na tisa. Lakini umeuliza, na unastahili kujibiwa.

La. Sikutaka.

Sasa niulize jingine.

Emanuel